Mzee Rudia na Malungu Mawili

Pale Milanzi, mjini Sumbawanga, ukiingia dukani ukamkuta mzee Leonsi Kasunga ametangulia, jiandae kusubiri. Mzee haagizi kama watu wengine. Anasema, "Sukari nusu kilo, chumvi pakiti moja, viberiti viwili," kisha ananyamaza na kumkazia macho binti wa duka. Binti akinyoosha tu mkono kwenye rafu anaambiwa, "Rudia." Basi hana budi kurudia kama mtoto wa darasa la kwanza: sukari nusu, chumvi moja, viberiti viwili. Ndipo mzee anaitikia, "Nimekupata," na kutoa hela. Vijana wa mtaa wakambandika jina la Mzee Rudia. Analijua, wala halimkeri.

Wazee wenzake wanakumbuka mambo makubwa zaidi ya viberiti. Kwa miaka ishirini na minane Leonsi alikuwa mhandisi wa mji huu, na katika miaka hiyo hakuna zege lililomwagwa bila fundi kusimama mbele yake na kurudia vipimo vyote, nondo kwa nondo. Mafundi walimchukia waziwazi. Mvua ikinyesha, mchanga unalowa, saruji inasubiri, yeye amesimama na koti lake la kijeshi anasema, "Rudia." Kuna fundi alitupa mwiko chini akaenda zake Namanyere, hakurudi tena. Watu walisema ni majivuno ya kambini. Ukweli ni kwamba yule mtu aliogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa, ila sababu yenyewe hakumwambia mtu, hata mkewe Jovina.

Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, Leonsi alikuwa luteni wa mizinga mwenye miaka ishirini na sita. Wapiga mizinga hawaoni wanachokipiga. Yuko mtu mbele, juu ya kilima pamoja na askari wa miguu, ndiye anayetazama adui na kutuma maelezo kwa redio. Anayepokea huku nyuma lazima ayarudie neno kwa neno, na yule wa mbele akisharidhika anasema, "Nimekupata." Bila neno hilo, mzinga haulii. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa ubaoni chuoni kwao, na Leonsi aliifundisha kwa wengine.

Mtu wake wa mbele alikuwa Sajenti Clemens, Mfipa mwenzake, mtoto wa Laela. Walikuwa wakigawana sigara na barua za nyumbani. Asubuhi moja makombora ya adui yaliwaangukia tangu alfajiri, vijana wawili wa Leonsi wakaumia, na mmoja alikuwa analia kwa sauti pembeni ya mzinga. Clemens akaita kwenye redio: adui yuko kulia kwa mti mkavu, mita mia tatu. Leonsi alitazama mbele akauona mti mkavu, umesimama peke yake kwenye mgongo wa kilima. Akaanza kuwapa watu wake pembe.

"Rudia, Luteni," Clemens alisema redioni. "Rudia, nijue unaona mti upi."

"Mti ni mmoja, Sajenti. Toka hewani."

Akapiga. Makombora sita. Kumbe miti ilikuwa miwili, na wa pili ulifichwa na bonde kwa mtu aliyekaa upande wa Leonsi. Clemens alikuwa mita mia tatu kulia kwa ule ambao Leonsi aliuona, yeye na askari wanne.

Taarifa ya siku ile Leonsi aliiandika mwenyewe. Aliandika kwamba watano hao waliuawa na mizinga ya adui. Vita vilipokwisha alibeba sanduku la Clemens hadi Laela, kwa mama yake, mama Silvana. Binti wa miaka kumi na mitano, mdogo wake Clemens aitwaye Anjela, akamletea kiti na maji ya kunywa. Mama akauliza mwanawe alikufaje. Leonsi akasema, "Kwa mzinga wa adui, mama. Hakuteseka." Mama Silvana akamshika mikono yote miwili akamshukuru. Tangu siku ile, kila aliposafiri kwenda Tunduma, basi likikaribia Laela mzee alifumba macho na kujifanya amelala mpaka wauza mahindi ya kuchoma waachane na madirisha.

Aliacha jeshi, akasoma uhandisi, akarudi nyumbani kuchimba mifereji. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye mvua ya Machi mwaka huu, akiwa na miaka sabini na miwili, goti moja limelegea, na sweta mbili mwilini kwa sababu ya baridi yetu ya Ufipa.

Mvua ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya nne, saa saba mchana, gari la kazi lilisimama mlangoni kwake, akashuka mhandisi kijana, Sekela, binti wa Mbeya aliyehamishiwa Sumbawanga miaka miwili iliyopita. Matope yalimfika magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Tuta la Kizwite, mzee. Maji yamejaa nyuma ya barabara. Kalavati limezibwa na magogo, hatuwezi kulifikia. Naambiwa mwaka tisini na nne uliweka na la pili, pembeni, ila kwenye mchoro silioni."

Leonsi alilikumbuka. Kweli aliliweka. Fedha za mradi zilikuwa zimekwisha na mchoro umeshafungwa, lakini yeye hakuliamini kalavati moja, akatumia mabomba yaliyobaki kuongeza la pili, la kupeleka maji kwenye kijito cha zamani mbali na nyumba. Mdomo wake sasa ulikuwa umefukiwa na udongo wa miaka thelathini. Mahali lilipo palikuwa pameandikwa sehemu moja tu, kwenye daftari lake.

"Nyumba ngapi ziko chini ya tuta?"

"Thelathini na moja. Nimewaambia wahame, nusu wamehama. Wengine wamesimama juu ya tuta wanatazama maji." Sekela alifuta uso. "Nina kijiko kimoja cha kuchimbia, mzee, na nitachimba shimo moja tu. Tuta limelowa lote. Nikikosea mahali, mimi ndiye nitakayelipasua."

Jovina alimvika mumewe koti. Leonsi alichukua daftari na dira yake ya jeshi, akapanda gari.

Njiani Sekela alilifungua daftari akakunja uso. Palikuwa pameandikwa: *Kutoka ilungu, pembe 1140, mita 212.* Hakuna barabara duniani inayopimwa hivyo. Mzee alieleza kwamba dira ya jeshi lao iligawa duara sehemu elfu sita, si digrii mia tatu na sitini, naye hakuwahi kuzoea nyingine. Na ilungu kila mtu analijua: ni tanuru la udongo la wahunzi wa kale wa Kifipa, refu kuliko mtu, walimoyeyushia chuma. Alilichagua kwa sababu nguzo za umeme huhamishwa na miti hukatwa, bali ilungu hakuna anayeligusa.

"Wazo zuri," Sekela alisema.

"Wazo zuri sana," mzee alijibu, na kwa kweli alijisikia vizuri. Ilikuwa zamani tangu mtu ahitaji kitu kutoka kwake.

Kizwite palitisha. Upande wa juu wa barabara maji mekundu yalikuwa yametanda mpaka mashambani, yamebakiza shubiri moja kufika ukingo wa tuta. Upande wa chini mabati ya nyumba thelathini na moja yalilala kimya, na moshi ukitoka kwenye majiko mawili matatu, maana kuna watu hawaachi maharage jikoni hata gharika ikija. Watoto walikimbizwa na mama zao. Obedi, dereva wa kijiko, alikuwa ameshawasha mtambo anasubiri tu aonyeshwe.

Ilungu lilisimama juu kidogo, kwenye mteremko, katikati ya shamba la maharage lililolimwa kwa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Leonsi aliegemeza mgongo kwenye tanuru, akafungua dira. Akapima mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Elfu moja mia moja na arobaini. Rudia."

"Elfu moja mia moja na arobaini," Sekela alirudia.

"Mita mia mbili kumi na mbili."

"Mia mbili kumi na mbili."

"Nimekupata."

Wakavuta mkanda wakipita kati ya ntumba, wakafika kando ya tuta, Sekela akakita kigingi kwenye udongo. Mambo yote yalikwenda kwa kanuni. Watu walisogea. Kijiko kikaja kikinguruma, minyororo yake inatafuna matope.

Hapo mwanamke mmoja akapasua umati. Alikuwa Hilaria, mwenye lile shamba la maharage, mama wa makamo aliyejifunga khanga kiunoni na jembe begani. Alisema kitu kwa Kifipa, kisha akakirudia kwa Kiswahili ili yule binti wa Mbeya asikie.

"Mzee, siyo hapo. Mmeanzia ilungu silo."

"Mama, mwache mhandisi afanye kazi!" mtu alifoka nyuma yake.

"Nasema siyo hapo. Mabomba yalipita kule, mimi nilikuwa nawapikia vibarua."

Sekela alimtazama mzee. Maji yalianza kulamba lami, uzi mwembamba ukavuka barabara na kuteremka upande wa nyumba, na mwanamke mmoja akapiga ukelele. Obedi aliinua ule mkono wa chuma. Leonsi alitazama kigingi. Alikuwa amepima mara tatu. Alikuwa ameandika kwa mkono wake. Huyu mama alikuwa mpishi wa vibarua, na dakika zilikuwa zinakwisha.

"Mama," alisema kwa ukali, "ilungu ni moja."

Maneno yalimtoka, naye akayasikia. Aliyasikia kama yametoka kwenye redio, kwa sauti yake mwenyewe ya miaka ishirini na sita, na nyuma yake ule mkwaruzo wa hewani pale Clemens aliponyamaza. Hofu ile aliyoilea miaka arobaini na sita kwa kuwasumbua mafundi na mabinti wa maduka ilimpanda yote kwa mara moja, akajua kwamba muda wote ule aliwalazimisha watu warudie maneno yake, na hakuna siku hata moja aliyorudia maneno ya mtu.

"Simamisha!" alipiga kelele.

Obedi hakusikia, mtambo ulikuwa unanguruma. Mzee alikimbia. Kukimbia kwenyewe kulikuwa kwa kuchechemea, watu wakadhani amechanganyikiwa, akateleza akaanguka kifudifudi juu ya kigingi, akageuka na kuinua mikono yote miwili chini ya ule mkono wa chuma. Ndoo ilisimama hewani, inadondosha matope kwenye koti lake. Obedi alizima mtambo akatoa matusi ambayo hayaandikiki.

Ikabaki sauti ya maji.

"Mama," Leonsi alisema akiwa bado chini. "Sema tena. Polepole. Nami nitarudia."

Hilaria alishusha jembe. "Malungu yalikuwa mawili."

"Malungu yalikuwa mawili."

"Hilo unaloliona ni la upande wa Milanzi. Ulilosimamia wewe, ukiwa na mwavuli mweusi, lilikuwa kubwa zaidi. Lilianguka kwenye ile mvua kubwa ya mwaka tisini na nane."

"Nililosimamia lilikuwa kubwa zaidi. Lilianguka tisini na nane."

"Nimelima ntumba juu yake. Iko kule, safu ya tatu."

"Iko safu ya tatu. Ntumba juu yake."

"Basi twende, umelala hapo unangoja nini?"

Walipanda mteremko, safari hii mama Hilaria mbele. Alifika kwenye ntumba moja iliyokuwa kubwa kuliko wenzake, akaipasua kwa jembe mara mbili, maharage yake yakaruka huku na huku. Chini ya udongo mweusi ukatoka udongo mwekundu ulioungua, mgumu kama tofali, na vipande vizito vya mavi ya chuma, taka za wahunzi. Leonsi aliokota kimoja akakishika. Alikumbuka sasa: ule mwavuli, lile tanuru pana, lile jingine dogo pembeni ambalo hakulitia hata kwenye daftari kwa sababu siku ile halikumhusu. Hakuandika kwamba yako mawili. Alikuwa amekosea tangu mwaka tisini na nne, na hapakuwa na wa kumrudishia maneno yake.

Alisimama juu ya lile kaburi la ilungu akapima upya. Sekela alirudia pembe, akarudia mita. Mzee akamgeukia Hilaria.

"Na wewe, mama, unasemaje?"

"Hapo sawa."

"Nimekupata."

Kigingi kipya kilikaa hatua ishirini na mbili kutoka kile cha kwanza. Obedi alichimba kwa kuogopa, anakwangua tu, kila mchoto mmoja anasimama na kumtazama mzee. Mchoto wa tano ukagonga zege. Wakamaliza kwa makoleo, watu kumi kwa wakati mmoja, mpaka mdomo wa bomba ukatokea, na juu yake tarakimu zilizokwaruzwa kwa msumari: 1994. Obedi aliwafukuza wote, akavuta ule udongo wa mwisho kwa mbali. Maji yalisita, yakazunguka, yakaingia. Kwa muda hapakuwa na tofauti yoyote na watu waliuma meno. Kisha upande wa pili, chini kabisa kwenye kijito cha zamani, mtoto akapiga kelele kwamba yanatoka, yanatoka mengi. Ule uzi wa maji uliokuwa unavuka lami ukakatika.

Sekela alirudi kwenye kigingi cha kwanza na ufito wa chuma. Aliuchomeka hapo hapo palipokuwa pachimbwe. Ufito ulizama wote, bila kusukumwa, mpaka ngumi yake ikagusa matope. Aliuacha humo, akakaa chini, akalia kidogo, kisha akaja alipokuwa mzee.

"Umetuokoa, mzee wangu."

"Mimi nilikuwa nawaua," Leonsi alisema.

Sekela alicheka akidhani ni utani wa uchovu. Mama Hilaria hakucheka. Alimtazama mzee kwa muda, akafuta jembe lake kwa majani, akaenda kuangalia kilichobaki cha maharage yake.

Kesho yake asubuhi Leonsi alivaa koti safi, akamwambia Jovina anakwenda Laela, na alipoulizwa kuna nini alisema atamweleza jioni akirudi, yote. Alikaa dirishani. Basi lilipopunguza mwendo pale stendi hakufumba macho. Aliwatazama wauza mahindi, wachukuzi wenye magunia, mabango ya wanunuzi wa nafaka, akashuka, akauliza kwa Anjela.

Alimkuta mbele ya ghala, amesimama karibu na mizani, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na kipaji cha uso cha kaka yake. Alimtambua mgeni upesi kuliko mzee alivyotaka.

"Luteni! Shikamoo, kaka. Miaka yote hii!" Alikuwa anatafuta kiti kwa macho, kama siku ile.

"Usilete kiti, Anjela. Acha niseme nikiwa nimesimama."

Akasema. Alisema juu ya kilima na makombora ya alfajiri, mti mkavu, na sauti ya Clemens redioni ikimwomba arudie. Alisema, "Nilimwambia mti ni mmoja, nikamtoa hewani, nikapiga. Mzinga uliomuua kaka yako haukuwa wa adui. Ulikuwa wangu. Mama yako nilimdanganya, na karatasi ya serikali niliiandika uongo." Wachukuzi walikuwa wameacha kazi wanatazama.

Anjela alivua miwani. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alibaki ameshika mizani kwa mkono mmoja, na gunia lililokuwa juu yake likayumba likatulia.

"Rudia," alisema.

Mzee alivua kofia, akarudia neno kwa neno, tangu mwanzo.